Kilo Ngapi kwa Lita? Kuielewa densiti ya saruji, mbao, nondo na dhahabu

Kiswahili kina neno moja, -zito, ambalo tumelibebesha kazi tatu. Gunia ni zito: kulinyanyua kunamshinda mtu. Uji ni mzito: ukiumimina unakawia. Na risasi, ile metali, ni nzito: kipande kisichozidi ukubwa wa ndimu kinaushtua mkono. Kwenye mazungumzo hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu tunajua tunazungumzia nini. Shida huanza tunapotaka kupima. Mafuta ya kupikia ni mazito kuliko maji ukiyaangalia yanavyomiminika, lakini yatie kwenye sufuria yenye maji uone yanavyopanda juu na kukaa huko. Uzito wa kumiminika ni jambo moja, uzito unaoamua nani azame na nani aelee ni jambo jingine kabisa.

Huo wa pili ndio vitabu vya sayansi huuita densiti, yaani maada kiasi gani imeingia katika nafasi kiasi gani. Unachukua kilo, unagawanya kwa ujazo, basi. Hesabu yenyewe mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza. Lakini fungua majedwali mawili ya densiti utakuta moja linasema saruji ni 1.44 na jingine linasema ni 3.15, na yote mawili yanasema kweli. Kinachowachanganya watu si kugawanya. Ni kujua ujazo upi umehesabiwa: ule unaoonekana kwa macho, pamoja na hewa iliyojificha ndani, au ule wa maada peke yake.

Tuanze na ndoo ya lita 20, kwa kuwa kila nyumba inayo na kila mtu amewahi kuibeba. Ikijaa maji ina kilo 20, ukiacha uzito wa ndoo yenyewe. Tuseme sasa tunaweza kuijaza kitu kigumu bila kubakiza upenyo wowote. Barafu ingekuwa kilo 18 na kitu. Ubao mkavu wa msonobari, kilo 9 hivi. Kioo cha dirisha, 50. Alumini ya sufuria, 54. Chuma cha nondo, 157. Shaba, 179. Risasi, 227. Dhahabu safi ingefika kilo 386, na ndoo ingepasuka kabla hujamaliza kuijaza. Mwisho kabisa wa orodha yupo osmi, metali adimu ya rangi ya buluu kwa mbali, ambayo ndoo yake ingekuwa na kilo 452. Upande wa pili kuna lithi, ile iliyomo kwenye betri za simu: kilo zisizofika 11. Ni metali kwelikweli, ila inaelea juu ya maji huku ikitoa mapovu.

Gawanya kila namba kwa 20 upate kilo kwa lita, na huu ndio mtindo nitakaotumia hadi mwisho. Vitabu vingi huandika kilogramu kwa mita ya ujazo, ndiyo maana utaona chuma kimeandikwa 7850 na maji 1000. Wakemia hupenda gramu kwa sentimita ya ujazo. Usitishike: kilo kwa lita, gramu kwa sentimita ya ujazo na tani kwa mita ya ujazo ni namba ileile. Chuma ni 7.85 kwa vyote vitatu. Maji nayo hayakuangukia 1 kwa bahati. Wafaransa walipotunga vipimo vya metriki, mwaka 1795 waliiamua gramu kwa uzito wa sentimita moja ya ujazo ya maji. Maji yalikuwa 1 kwa amri, na vitu vingine vyote vikafuata. Kwa hiyo ukisoma kwamba zege ni 2.4, umeambiwa pia kwamba zege ni zito mara 2.4 ya maji ya ukubwa uleule.

Sasa turudi kwenye saruji, maana hapo ndipo fundo lilipo.

Mfuko wa saruji una kilo 50. Ukiumimina kwenye vyombo utapata kama lita 35, na 50 ukigawanya kwa 35 unapata 1.4 na ushee. Hiyo ndiyo 1.44 ya jedwali la kwanza, na ndiyo namba ya mtu anayepima kwa ndoo au boksi. Lakini unga huo ni punje ndogondogo zilizolaliana, na katikati yake kuna hewa. Punje yenyewe, kijiwe kilichosagwa, ina densiti ya 3.15. Gawanya kilo 50 kwa 3.15 utaona kwamba maada halisi ndani ya mfuko inachukua lita 16 tu. Lita 19 zilizobaki ni hewa. Zaidi ya nusu ya ukubwa wa mfuko uliobebwa mgongoni kutoka dukani ni nafasi tupu.

Mchanga na kokoto ni hivyohivyo. Jiwe la mchanga wa kawaida ni 2.65, ila mchanga mkavu uliomwagwa kwenye ndoo ni kama 1.55. Kokoto 1.5. Ukilijua hilo, jambo moja linalowasumbua watu wengi kwenye ujenzi linafumbuka lenyewe. Unachanganya mfuko mmoja wa saruji, mchanga mara mbili yake na kokoto mara nne yake. Ukijumlisha kwa ndoo umetia lita 35, lita 70 na lita 140, jumla 245. Unatia na maji lita 27 hivi. Ukimwaga zege hilo kwenye fremu unapata lita 160 na kidogo. Mwenye nyumba anahisi kaibiwa. Lita zaidi ya 80 zimekwenda wapi?

Hazikwenda popote, hazikuwepo. Zihesabu kwa maada tupu. Saruji lita 16. Mchanga lita 70 una uzito wa kilo 108, gawanya kwa 2.65, ni lita 41. Kokoto lita 140 ni kilo 210, gawanya kwa 2.65, lita 79. Maji 27. Jumla lita 163. Mchanga umejipenyeza kati ya kokoto, saruji imejipenyeza kati ya mchanga, maji yamefukuza hewa iliyobaki. Ndiyo sababu makadirio mazuri ya vifaa huanzia kwenye ujazo wa zege linalotakiwa na kuuzidisha kwa moja na nusu hivi. Jumlisha na uzito pia: 50, 108, 210 na 27 ni kilo 395, na 395 kwa lita 163 ni 2.42. Ile 2.4 ya zege iliyoandikwa kwenye kila kitabu cha uhandisi umeitoa mwenyewe kutoka kwenye mfuko mmoja. Mimi hesabu hii hunifurahisha kila nikiirudia. Na inaeleza pia kwa nini siku ya kumwaga jamvi ndoo kubwa haijazwi: lita 20 za zege bichi ni kilo 48, na hakuna saidia fundi anayeweza kupandisha kilo 48 kwenye ngazi tangu asubuhi mpaka jioni.

Mchanga una fumbo jingine, na hili linagusa mfuko wa fedha. Ungedhani mchanga wenye unyevu ni mzito zaidi kwa lita, kwa kuwa una maji ndani. Kumbe ni kinyume. Mchanga ulioloa kidogo, ule unaoshikana ukiufinya mkononi, huvimba. Maji huzizunguka punje kwa utando mwembamba, na utando huo huzishikilia zisilaliane vizuri. Kwa unyevu wa asilimia 5 tu ya uzito, mchanga wa kawaida unaweza kuongezeka ujazo kwa asilimia 20 hadi 30. Ukiulowesha kabisa mpaka maji yasimame juu yake, utando unavunjika, punje zinashuka na ujazo unarudi karibu na ule wa mchanga mkavu.

Unaweza kujionea nyumbani. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, kata shingo, mimina mchanga wenye unyevu bila kushindilia mpaka ufike sentimita 20. Utoe, tia maji kiasi ndani ya chupa, rudisha mchanga uleule kidogokidogo huku ukikoroga kwa kijiti. Ukituama, pima tena. Ukikuta sentimita 16, basi mchanga wako ulikuwa umevimba kwa robo. Tripu iliyouzwa kwako kama mita 5 za ujazo ina mita 4 za kweli. Na fundi aliyechanganya ndoo mbili za mchanga kwa moja ya saruji ametia pungufu ya mbili bila kujua. Hapa hapana mwizi. Mvua ya jana inatosha kufanya hivyo. Lakini anayenunua kwa ujazo ajue kwamba ananunua na hewa, na bei ya hewa inabadilika na hali ya hewa.

Mti nao ni hadithi ya hewa. Ukikata ubao na kuutazama kwa hadubini utaona vijumba vingi vyenye kuta, na ndani ya vijumba hakuna kitu, au kuna maji kama mti ni mbichi. Kuta hizo, uwe mpingo uwe msonobari, zina densiti ileile ya karibu 1.5. Maana yake, maada ya mti wowote ule huzama. Kinachouelesha mti ni nafasi iliyomo. Balsa, mti wa Amerika ya Kusini wanaotengenezea ndege za kuchezea, una nafasi nyingi mno na densiti yake ni kama 0.16. Msonobari mkavu 0.45. Mninga, unaopendwa kwa vitanda na makabati, karibu 0.6. Mpingo umebana vijumba vyake hadi kufika 1.2, kwa hiyo ukiutupa mtoni unakwenda chini kama jiwe.

Wachongaji wa Kimakonde wanaujua mpingo kwa mkono kabla ya jicho. Jicho hudanganywa kirahisi: sanamu ya mti mwepesi hupakwa rangi ya viatu, ikang'arishwa, ikauzwa kwa mgeni kama mpingo. Kuinyanyua tu kunatosha. Sanamu ya ukubwa wa lita moja ikiwa ya mpingo ina zaidi ya kilo moja. Ikiwa ya mti mwepesi haifiki hata kilo 0.7. Ukiwa na shaka na una ruhusa ya mwenyewe, iweke kwenye beseni la maji. Rangi huenda ikajitetea, maji hayadanganyiki.

Jikoni jambo hili linaonekana kwenye mkaa. Mkaa tunaununua kwa kopo, kwa ndoo au kwa gunia, vyote vipimo vya ujazo, ilhali moto hutoka kwenye kilo. Gunia la mkaa uliochomwa kutokana na mti mgumu lina kilo nyingi kuliko gunia hilohilo la mkaa wa mti mwepesi, na ndilo linaloivisha maharage bila kuongeza. Mama anayelinyanyua gunia kidogo na kulitikisa kabla ya kukubaliana bei anapima densiti, tena kwa usahihi wa kutosha kabisa.

Kwenye pwani yetu, waashi wa zamani walilitumia jambo hili kwa ustadi mkubwa. Miimo ya milango na mihrabu katika magofu ya Kilwa Kisiwani na Gedi imechongwa kwa matumbawe ya baharini. Madini ya tumbawe, aragonaiti, ni 2.93, mazito kuliko jiwe la matale. Lakini tumbawe limejengwa na viumbe vidogo waliojiachia vyumba, kwa hiyo pande zima la aina waliyoipenda waashi lina densiti ya kama 1.3. Zaidi ya nusu yake ni tupu. Lilitolewa baharini likiwa bado laini, likakatwa na kuchorwa nakshi, kisha likikauka likawa gumu. Kuta nene zilijengwa kwa mawe ya matumbawe ya kale ya nchi kavu, yaliyo mazito na magumu zaidi. Nakshi zikaachiwa jiwe jepesi. Nikisimama mbele ya kazi ile nahisi heshima kwa watu walioijua maada kwa vidole vyao namna hiyo.

Metali ni tofauti, kwa sababu ndani yake hakuna hewa ya kuzungumzia. Chuma ni 7.85, uwe na kipande cha msumari au nanga ya meli. Je, kwa nini basi dhahabu ni 19.3 na risasi, tunayoitaja kila tunapotaka mfano wa kitu kizito, ni 11.3 tu? Ungetegemea kinyume, kwa kuwa atomu ya risasi ni nzito kuliko ya dhahabu: 207 kwa 197. Atomu za metali zote mbili zimepangwa kwa mpango mmoja, uleule wa machungwa yanayopangwa piramidi sokoni, kila chungwa likikaa kwenye bonde la matatu yaliyo chini yake. Tofauti ni ukubwa wa chungwa. Atomu ya risasi imejitanua, na nafasi inayochukuliwa na moja ni karibu mara 1.8 ya nafasi ya atomu ya dhahabu. Uzito umezidi kidogo, nafasi imezidi sana, densiti imeshuka. Kwa hiyo hata pasipo hewa, swali ni lilelile: ujazo umetumikaje?

Kwa kuwa densiti ya metali haiyumbi, inaweza kugeuzwa kuwa rula. Nililijifunza hili nilipokuwa najenga. Nilinunua nondo za milimita 12 kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi. Fundi wangu, mzee aliyezeekea kwenye kazi hiyo, alizishika mbili tatu, akaziangusha moja ardhini, akanitazama.

"Hizi si kumi na mbili, mwanangu."

Tukarudi nazo. Mwenye duka akatoa kipimo cha vernia, akaibana nondo, kikasoma 12 na kidogo. Nikamwangalia mzee, nikidhani yamekwisha. Mzee akasema kwa upole, "Umepima mbavu, ndugu yangu. Tupime kilo." Nondo ina zile mbavu za kushikana na zege, na ukiibana juu ya mbavu unapata unene usiokuwepo mahali pengine. Tukaipima kwa tepu: mita 12 kamili. Tukaiweka kwenye mizani: kilo 8.9.

Kanuni ya mafundi ni hii. Chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawanya kwa 162, umepata kilo za mita moja. Kwa 12 ni 144 kugawanya kwa 162, yaani kilo 0.889, kwa mita 12 ni kilo 10.67. Wengi huikariri 162 bila kujua ilikotoka, na imetoka kwenye densiti ya chuma. Mita moja ya waya wenye kipenyo cha milimita moja ina ujazo wa mililita 0.785. Zidisha kwa 7.85, ni gramu 6.17 hivi. Gramu hizo zinaingia kwenye kilo moja mara 162. Basi.

Ukiirudisha kanuni kinyumenyume, kilo 8.9 kwa mita 12 inakupa kipenyo kilicho chini kidogo ya milimita 11. Milimita moja inaonekana si kitu. Lakini nguvu ya nondo iko kwenye eneo la mkato wake, na eneo linakwenda kwa kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe: sehemu moja katika kila sita ya chuma nilichokilipia haikuwepo. Viwango huruhusu upungufu wa asilimia chache, ule wa kiwandani usioepukika. Huu ulikuwa karibu asilimia 17. Mwenye duka alizibadilisha bila ubishi mrefu. Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza habari za kujenga humwambia apime nondo kwa urefu na kwa mizani, aiache vernia.

Kitu kisicho na umbo la kupimika kwa tepu, kama pete au jiwe, kinahitaji maji. Kila mtu amesikia habari za Archimedes wa Syracuse na taji la mfalme Hiero, aliyetaka kujua kama sonara amechanganya fedha kwenye dhahabu. Tunaokaa upande huu wa Bahari ya Hindi tungefaa kuwajua pia waliofanya kazi hiyo kwa uangalifu zaidi kuliko hadithi ile. Katika karne ya 11 al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarazm huko Asia ya Kati, alitengeneza chombo chenye mdomo wa pembeni, akakijaza maji hadi usawa wa mdomo, akatumbukiza vito na metali kimoja kimoja na kuyapima maji yaliyomwagika. Mwaka 1121 al-Khazini wa Merv, mji wa Asia ya Kati vilevile, akaandika Mizan al-Hikma, Mizani ya Hekima, akieleza mizani ya kupima vitu hewani na majini. Namba zao nyingi zimekaribiana mno na za leo. Neno letu mizani limetoka kwenye lugha hiyohiyo waliyoandikia.

Njia rahisi kabisa ni hii, na mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01 inatosha. Pima pete, tuseme ni gramu 4.56. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Funga pete kwa uzi, izamishe ikae katikati ya maji bila kugusa kitako wala ukuta. Mizani itasoma kiasi kidogo, tuseme 0.30. Huo ndio ujazo wa pete kwa sentimita za ujazo, kwa sababu maji yaliyosukumwa ni 1. Gawanya 4.56 kwa 0.30, unapata 15.2. Dhahabu ya karati 18 huwa kati ya 15 na 16, kutegemea imechanganywa na fedha au shaba kiasi gani. Ya karati 22 ni 17.7 hivi. Ukipata 8.5, mkononi una shaba ya manjano. Hakikisha tu mapovu hayajang'ang'ania pete, maana povu dogo linaharibu jibu lote, hewa tena. Na pete iwe haina jiwe.

Hapa wengi hukosea jambo moja. Karati 18 ni dhahabu asilimia 75, basi wanachukua robo tatu ya 19.3 na robo ya 9.7 ya mchanganyiko wa fedha na shaba, wanapata 16.9, halafu wanamshutumu sonara. Densiti hazijumlishwi hivyo. Kinachojumlishwa ni ujazo. Gramu 75 za dhahabu ni sentimita za ujazo 3.89, gramu 25 za metali nyepesi ni 2.58, jumla 6.47, na 100 kwa 6.47 ni 15.5. Metali nyepesi huchukua nafasi kubwa kuliko asilimia yake, ndiyo maana huivuta densiti chini sana.

Njia hii ina mpaka wake, na ni haki kuusema. Wolframi, metali ya kijivu inayotengenezewa nyuzi za balbu na ncha za keekee, ina densiti ya 19.25. Mche wa wolframi uliofunikwa ngozi ya dhahabu utafaulu mtihani wa maji bila wasiwasi. Ndiyo sababu wanaonunua miche mikubwa hawaishii kwenye maji. Hutoboa, au hutumia mawimbi ya sauti na miale. Kwa pete na mikufu hofu hiyo ni ndogo, kwa kuwa wolframi ni ngumu na haikubali kufuliwa umbo la urembo.

Wachimbaji wadogo wa Geita wanaitumia densiti kabla hata dhahabu haijawa dhahabu. Mchanga uliosagwa humwagwa juu ya ubao ulioinama, uliotandikwa kitambaa au gunia, maji yakapitishwa. Punje za mawe ni 2.65, za dhahabu 19.3, tofauti ya mara 7. Lakini ndani ya maji kila kitu kinapunguziwa 1: jiwe linabaki 1.65 na dhahabu 18.3, na tofauti inakuwa mara 11. Maji hayaoshi tu, yanaongeza pengo. Jiwe linachukuliwa, dhahabu inabaki kwenye nyuzi za gunia.

Kuna kitu kikubwa kuliko vyote kilichopimwa kwa fikra hizihizi. Mwaka 1798 Mwingereza Henry Cavendish alitundika fito yenye vijipira viwili vya risasi kwa waya mwembamba ndani ya chumba kilichofungwa, akasogeza karibu yake mapande mawili ya risasi yenye kilo kama 158 kila moja, akachungulia kwa darubini akiwa nje jinsi vipira vinavyovutwa. Kutokana na mvuto ule mdogo alipata densiti ya dunia nzima: 5.48. Leo tunasema 5.51. Ukiiweka namba hiyo kando ya mawe tunayoyajua inashangaza. Matale ni 2.7. Chokaa 2.6. Hata mawe meusi ya volkano yaliyo mazito kabisa ni 3 hivi. Kama ganda zima la juu ni kati ya 2.6 na 3 na wastani wa dunia ni 5.5, basi chini huko lazima kuna kitu kizito kuliko jiwe lolote, tena kwa wingi. Shimo refu kuliko yote lililowahi kuchimbwa, la Kola huko Urusi, liliishia mita 12,262, halijatoka hata kwenye ganda. Tumejua kilichomo kwa kugawanya kilo kwa lita na, baadaye, kwa kusikiliza mawimbi ya matetemeko.

Kilichomo ni chuma, kikiwa na nikeli kidogo. Lakini si chuma cha 7.85. Huko katikati kimeelemewa na uzito wa dunia yote iliyo juu yake, na atomu ambazo huku kwetu zimekaa kama machungwa sokoni zimebanwa zikasogeleana. Densiti yake inafika 13. Ndoo ya lita 20 ya chuma hicho, metali ileile ya nondo, ina kilo 260.